Nyumba ya zamani yenye paa la nyasi huku Suffolk, Uingereza, tununue au tukimbie?

MtotoWaTanga
Wakuu habarini za wikiendi. Mimi na mzee (mume wangu) tunatafuta nyumba ya kununua, sasa tumeipenda moja iko kijijini karibu na Bury St Edmunds, ule mji wenye magofu ya abasia na soko la Jumatano na Jumamosi. Dalali anasema ni ya miaka ya 1600 huko, nje imepakwa ile pinki ya Suffolk, paa la nyasi, boriti za mwaloni ziko wazi yani sebuleni mzee anapita ameinama, halafu meko yake mtu mzima anasimama ndani. Bei pauni 320,000. Sasa iko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, gredi ya pili, na chini ukutani nimeona unyevu ingawa wamepiga plasta mpya ya simenti. Benki hawana shida na sisi. Mwenye uzoefu aniambie, hii ni nyumba ya kuishi au makumbusho?

Pwani_mpaka_Norwich
Yani umetoka kwenye makuti kwa bibi, umepanda ndege, umebeba maboksi miaka yote hiyo, halafu unalipa laki tatu na ushee za pauni urudi kwenye makuti 😂😂 Wazungu wametuweza

FundiChokaa
@MtotoWaTanga dada mwache huyo. Mimi hiyo simenti ndo imenishtua kuliko nyasi. Nyumba za umri huo huko Suffolk nyingi ni fremu ya mbao, katikati fito na udongo, juu plasta ya chokaa, kwahiyo ukuta ukilowa unakauka wenyewe kwa sababu chokaa inaruhusu maji kutoka, ukiuvalisha simenti maji yanaingia kwenye nyufa yanakosa pa kutokea, na kinachooza ni ile boriti ya chini kabisa iliyobeba nguzo zote. Nimekulia Unguja, Mji Mkongwe mchezo ni huohuo, ukuta wa mawe na chokaa fundi anaupiga simenti, baada ya muda plasta inabanduka na chumvi inatoka nje. Akija mtu akakwambia dawa ni kutoboa ukuta na kuingiza kemikali, mpe chai aende zake.

Lipia ukaguzi kamili, ule wa ngazi ya 3, na mkaguzi awe anazijua nyumba za mbao, sio yule wa benki maana yule kaja kuangalia usalama wa hela ya benki tu. Pia kuna SPAB, chama alichoanzisha William Morris mwaka 1877, wanatoa ushauri mzuri sana wa kiufundi kwa majengo ya zamani.

Paa uliza kwanza ni matete au mabua ya ngano. Matete yakiezekwa vizuri yanaweza kufika miaka 30 au 40, mabua yanawahi kuchoka, na ule mgongo wa juu unarudiwa kila miaka 10 hadi 15 hivi. Bima nayo wataibana sana wakisikia kuna jiko la kuni, usisaini kitu kabla hujapata bei yake.

La mwisho, watu wanadhani orodha inalinda sura ya mbele tu. Hapana, mpaka ndani, ngazi, milango, meko. Kubadilisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na kilichofanywa na mwenye nyumba wa zamani bila kibali wanaweza kukulazimisha wewe uliyenunua ukirekebishe. Kwahiyo mwanasheria aombe kibali cha hiyo simenti na cha madirisha kama yamebadilishwa.

Kibaha_to_Colchester
Fundi kamaliza ila hakuna aliyegusa kodi ya kununua nyumba (stamp duty). Mna nyumba nyumbani TZ? Mnaponunua England wanahesabu nyumba popote duniani. Kwa 320,000, kama wote wawili hamjawahi kumiliki nyumba mnalipa 1,000 tu. Mkihesabiwa kuwa mna nyingine mnalipa kodi ya kawaida 6,000 na juu yake nyongeza ya asilimia 5 ya bei yote, jumla inakuwa 22,000. Jamaa wengi wanakuja kulijua hili kwa mwanasheria wiki ya mwisho.

MtotoWaTanga
Eeh 22,000?? Nyumba ya Tanga ipo ila ina jina la mzee, mimi langu halimo kabisa. Na pia tuna kiwanja hakijajengwa

Kibaha_to_Colchester
Kiwanja kitupu sio nyumba, hicho sahau. Jina la mzee halikusaidii, mke na mume wanahesabiwa pamoja kwenye hiyo nyongeza. Kinachoweza kuwaokoa ni thamani, sehemu ya mzee kwenye hiyo nyumba ya Tanga ikiwa chini ya pauni 40,000 ile asilimia 5 haiwagusi. Hapo mkinunua wote wawili mtalipa 6,000, sio 1,000, kwa sababu mzee sio mnunuzi wa mara ya kwanza tena. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa huko Tanga awape ripoti ya maandishi kabla hamjabadilishana mikataba.

MtotoWaTanga
Asanteni jamani, mdogo wangu yuko Tanga anaanza Jumatatu. Nyumba naitaka bado ila bei lazima ishuke kwa hiyo simenti

FundiChokaa
Subiri ripoti ya mkaguzi ndo uishushe, ukienda na maneno matupu dalali atakucheka. Na muulize karo la choo linamwaga wapi, kama linaenda moja kwa moja kwenye mtaro au mto sheria hairuhusu tangu 2020, hiyo nayo ni ya kukatwa kwenye bei.