Mafundi wa seva Arusha na Moshi, mnatuunguzia umeme bure!

Wakuu, hili jambo linakera. Fundi anafunga seva ya hoteli, anaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), anachagua Maximum Performance, AC anaseti nyuzi 16, anachukua chake anasepa. Hiyo Maximum Performance inazima C-states, yaani hatua za usingizi wa prosesa, kwa hiyo prosesa hazilali hata usiku wa manane ambapo hakuna anayegusa mfumo. Wati 100 za bure, saa 24, siku 30: uniti 72 za LUKU. Hapo bado AC ya kuondoa joto hilo, na umeme ukikatika betri za UPS zinaisha mapema.

Mwingine akilalamikiwa uniti, anaweka powersave, hali ya Linux ya kubana umeme, bila kuangalia draiva inayosimamia kasi ya prosesa! Kwenye draiva ya acpi-cpufreq, powersave inaifunga prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. MySQL, yaani database ya hoteli, inaburuza, mgeni yuko kaunta na mabegi yake anasubiri risiti. Kwenye draiva ya intel_pstate jina ni hilo hilo ila kasi inapanda mzigo ukija, haina shida. Andika amri ya cpupower frequency-info, soma mstari wa driver. Mnashindwa nini? Ukikuta acpi-cpufreq, badala ya powersave weka schedutil inayofuata mzigo, au ondemand kama kerneli (kiini cha Linux) ni ya zamani. Ila BIOS kwanza iachie mfumo endeshi usimamie kasi (kwa seva za HPE ni OS Control Mode), la sivyo unapoteza muda.

Database ikichelewa kujibu, msikimbilie kuzima C-states zote. Zuieni usingizi mzito tu, C6, ambao kuamka kwake kunachukua muda: cpupower idle-set -D 50 (50 ni mikrosekunde za kuamka). Seva ikiwashwa upya amri hiyo inapotea, iwekeni kwenye systemd ijiendeshe kila Linux inapowaka.

Na hizo nyuzi 16 mmezitoa wapi? ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe nyuzi 18 hadi 27. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi haipozi sana, kwa hiyo msikae ukingoni. 23 au 24 inatosha. Mkipandisha kupita kiasi feni zinapiga kelele, na feni ikizunguka kasi mara mbili inakula umeme karibu mara nane.

Fundi anayebisha aweke hapa majibu ya amri ya ipmitool dcmi power reading (inaonyesha wati zinazoliwa) ya seva aliyofunga yeye, ya saa 8 usiku na ya saa 4 asubuhi.