Jarida la majira ya joto kwenye makao ya wazee: ndugu wanalipenda, wazee wenyewe hawalisomi

Mratibu_Kivulini

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mratibu wa shughuli kwenye makao ya wazee yenye upande wa utengamao. Kuna wakazi wa kudumu, na kuna wanaokuja kwa muda baada ya kuvunjika nyonga au kupata kiharusi, wakipata nafuu wanarudi kwao. Kila mwezi natoa jarida la kurasa nne: ratiba, siku za kuzaliwa, picha, neno la meneja. Ndugu wanalipenda sana, wananibana wasipotumiwa. Wazee wenyewe wanalipokea kwa adabu, wanatazama kama sura zao zimo, halafu kikombe cha chai kinawekwa juu yake.

Sasa majira ya joto yameingia, na kwetu huu ndio msimu wenye habari. Mlango wa bustani uko wazi, watu wa mazoezi ya viungo wanafanyia nje, wajukuu wamefunga shule wanakuja na kelele zao. Ila nikikaa kuandika inatoka hivi: "Wakazi wetu walifurahia alasiri njema bustanini." Jamani, hakuna mtu aliyefurahia alasiri njema bustanini!

Kilichotokea ni hiki. Kuna babu mmoja, zamani alikuwa fundi saa, anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Kuna bibi amebadilishiwa nyonga, anajifunza kutembea upya kwa fremu. Babu kamtazama weee, mwisho akamwambia, "Mguu wako wa kulia unachelewa kama saa isiyotiwa ufunguo." Bibi hakugeuza hata shingo: "Afadhali mimi nachelewa. Wewe umesimama kabisa." Wahudumu tukashika vinywa. Tangu hapo kila asubuhi babu anataka apelekwe mapema kwenye njia ya kokoto ili awahi kukosoa, na bibi anafika hadi kwenye benchi la mwisho, umbali ambao mtaalamu wa viungo alikuwa akimbembeleza bila mafanikio, eti asije kuonekana ameshindwa mbele ya "yule mropokaji".

Kwangu hiyo ndiyo habari ya mwezi. Lakini nikiiandika, meneja atasema haina staha. Nisipoiandika, nabaki na alasiri njema.

Mengine mawili yananisumbua. Tulimpoteza mkazi hivi karibuni na sijui kama jarida linaloitwa la furaha linapaswa kumtaja. Halafu ratiba yenyewe: ndugu wanalalamika kwamba mchana tunawafungia wazee ndani wakati jua linawaka vizuri nje. Naombeni uzoefu, hasa wenye wazazi kwenye makao na wenzangu wa kazi.

---

BintiWaMwisho

Shikamoo kwa wakubwa waliomo humu. Mratibu, nakujibu kama mtoto wa mkazi, maana mama yangu yuko kwenye makao na majarida ya namna hiyo ninayo rundo.

Hiyo ya fundi saa iandike. Ila kawaulize wenyewe kwanza, wote wawili, kila mmoja peke yake, na uwasomee ulivyoandika. Staha iko hapo. Meneja anaogopa ndugu, na sisi ndugu tunaogopa kitu kingine kabisa: kwamba mzazi hana mtu. Picha ya mama amevishwa kofia ya karatasi hainiambii lolote. Nikijua anagombana na nani, anakaa meza moja na nani, nani anamwazima miwani, nikimpigia simu nina cha kumwuliza. Badala ya "umekula?", namwuliza, "yule jirani yako bado anakuibia gazeti?" Hapo mazungumzo yananoga mpaka nesi anakuja kuchukua simu.

Kuhusu picha, chonde chonde. Mama yangu maisha yake yote hakutoka nje bila kujipanga. Siku moja nikafungua jarida nikamkuta amefungwa kitambaa cha kulia kifuani, mdomo wazi, mchuzi kidevuni. Aliyepiga hakuwa na nia mbaya. Lakini fomu ya ruhusa niliyosaini mimi siku ya kumleta haimaanishi mama ameridhia picha ile. Kama anaweza kujibu, mwonyeshe picha umwulize. Kama usahaulifu umemzidi, jiulize je, zamani angeikubali?

Na kifo kitajeni. Jirani wa mama alipofariki, asubuhi kitanda kilikuwa kimeshatandikwa na jina limebanduliwa mlangoni. Mama akaendelea kumwulizia, wahudumu wakawa wanamwambia "amehamishwa". Wazee si watoto, wanajua. Wanachokihesabu ni kwamba na wao siku yao ikifika watabanduliwa hivyohivyo. Weka jina lake, kama familia imekubali, na jambo moja alilokuwa analipenda. Pambo la mshumaa na maua halina haja.

---

Viungo_Kwanza

Mratibu, mwambie mtaalamu wenu wa viungo ampe yule babu mshahara.

Nafanya kazi ya utengamao, niongeze la upande wangu. Watu wanaona bustani ni mahali pa kupumzikia baada ya mazoezi. Bustani yenyewe ni mazoezi. Ndani sakafu ni laini na tambarare, mgonjwa anatembea vizuri, tunafurahi, tunamruhusu, na huko kwao anakutana na kizingiti, mteremko na changarawe. Magurudumu ya fremu yanayoteleza vizuri ukumbini yanazama kwenye kokoto, inabidi ainyanyue, na hapo ndipo unaona kama mkono na uwezo wa kujisawazisha mwili viko tayari. Kumwagilia matuta yaliyoinuliwa hadi usawa wa kiuno ni kusimama, kunyoosha mkono na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, bila mgonjwa kuhesabu "moja, mbili" huku ananichukia.

Lakini ndugu wanaotaka wazee watolewe saa nane mchana waelezwe hivi: joto linatanua mishipa ya damu. Mzee akiinuka kutoka kwenye benchi, presha inashuka, hasa kama yuko kwenye dawa za kuishusha, anaona giza, anaanguka. Nyonga nyingine hiyo. Sisi asubuhi tunamaliza mapema, jioni tunarudi jua likipungua makali, na mtu haondoki kwenye benchi mpaka amekaa wima kidogo akachezesha vifundo vya miguu. Na shika kwa mkono wako vyuma na mikono ya kiti cha magurudumu kilichoachwa juani kabla hujamkalisha mtu. Aliyepooza upande mmoja anaweza kuungua asihisi.

Kuhusu jarida: usiandike maendeleo kama matokeo ya mtihani. "Fulani sasa anapanda ngazi" ni habari njema kwa fulani, lakini linasomwa pia na jirani yake aliyepata kiharusi wakati uleule na bado hawezi kushika kijiko. Habari ya wale wawili inapita kwa sababu ni ugomvi. Umbali umejificha ndani yake.

---

NesiWaZamu

Nimesoma wote, mmesema vizuri, mimi nitakuwa mkavu kidogo.

Suala la kuwaweka ndani mchana halina mjadala siku za joto kali. Ufaransa mwezi Agosti 2003 walipoteza takribani watu 15,000 kwa wimbi la joto, wengi wao wazee, na baada ya hapo makao ya wazee kule yakatakiwa kuwa na angalau chumba kimoja kilichopozwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku. Feni ni sawa, ila hewa ikifika nyuzi 40 feni inampulizia mtu joto tu. Weka hayo kwenye jarida, ndugu wayasome.

Mzee hasikii kiu kama wewe. Ukimwuliza "utakunywa maji?" atakwambia hapana asante, na ni kweli hataki. Usiulize, mpe kikombe mkononi kisha endelea na stori. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanataja angalau lita 1.6 za vinywaji kwa siku kwa mwanamke mzee na lita 2 kwa mwanamume, lakini mwenye moyo dhaifu au figo mbovu kiwango chake anapanga daktari, kwa hiyo usibandike namba hiyo ukutani kwa watu wote. Wengine wanajinyima maji kwa makusudi kwa kuogopa kusumbua wahudumu kuwapeleka msalani. Huyo hata umwekee jagi la dhahabu hanywi, mpaka awe na uhakika kengele yake inaitikiwa.

Kubana ngozi ya mkono kuangalia kama inarudi hakusaidii kwa wazee, ngozi yao imelegea tayari. Angalia mtu ambaye leo amechanganyikiwa kuliko jana, amekuwa mzito wa kuamka, hajaenda haja ndogo tangu asubuhi. Mwite nesi.

Na sasa jambo linalonifanya niandike kabisa. Kila majira ya joto watu wa shughuli, wenye mioyo mizuri kama wewe, wanagawa barafu za kulamba na aiskrimu bustanini kwa kila mtu. Aliyepata kiharusi na kuandikiwa vinywaji vizito amezuiwa vimiminika vyepesi kwa sababu vinaweza kuingia njia ya hewa. Barafu ikifika mdomoni ni maji. Aiskrimu nayo inayeyuka. Anapaliwa, au mbaya zaidi hakohoi kabisa na baada ya siku kadhaa ana nimonia. Kabla ya sherehe yoyote njoo zamu uchukue orodha ya wanaokunywa vizito, na uwaandalie chao cha baridi kilichokubaliwa na mtaalamu wa kumeza, wasikae wanatazama wenzao wanalamba.

Wenye plasta za dawa kali ya maumivu ngozini, kama fentanili, wasiote jua wala kuwekewa chupa ya maji moto. Joto linaongeza kasi ya dawa kuingia mwilini.

---

Mratibu_Kivulini

Asanteni sana. NesiWaZamu, barafu za kulamba zilikuwa kwenye ratiba ya wiki ijayo, kesho asubuhi nakuja kwa nesi wetu kuchukua orodha kabla sijaagiza chochote.

Mrejesho: nimewasomea wale wawili nilivyoandika. Babu amekubali papo hapo, ila anataka iongezwe kwamba alishatengeneza saa za mnara. Bibi amekataa. Si habari yenyewe anayoikataa, ni maneno. Anasema hakumwambia "umesimama kabisa", alimwambia "umeoza ndani", na kama nitaandika niandike sawasawa. Nikamwuliza kama atapenda kulipitia jarida zima kabla halijachapwa. Amechukua kalamu nyekundu ya mtu wa mapokezi, bado hajairudisha. "Alasiri njema" ameifuta, na neno la meneja amelipunguza hadi mistari mitatu.

Kwenye kikao cha baraza la wakazi nikauliza kuhusu aliyefariki. Hakuna aliyepinga. Ubishi ukawa ni jambo gani la kumkumbukia: nusu wanasema alikuwa anaimba vizuri, nusu wanasema alikuwa anaimba tu. Familia imeombwa ruhusa, imekubali, na wamecheka sana niliposimulia huo ubishi, kwa hiyo zote mbili zinaingia.

Limebaki moja. Wengi walioniambia hawalisomi, nikiwabana wanasema hawaoni. Mnatumia herufi za ukubwa gani?

---

Viungo_Kwanza

Usishuke chini ya 16, ukiweza nenda 18. Wino mweusi, karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa inarudisha mwanga wa dirishani machoni. Usilaze herufi, na usiandike juu ya picha. Kurasa nne zako zitakuwa sita au nane, au ukate maneno. Mpe yule bibi kalamu akate.

---

BintiWaMwisho

Na wasioona kabisa je? Kwa mama kuna mkazi mmoja, alikuwa mwalimu, anawasomea kwa sauti wakati wa chai ya asubuhi. Anasoma mpaka tangazo la mafundi wa bomba. Tafuta wa kwenu, hakosekani. Na ukimaliza, tupia hapa hiyo habari ya fundi saa kama ilivyochapwa, wenyewe wakiridhia, bila majina.

---

Mratibu_Kivulini

Msomaji amepatikana, babu amejitolea. Bibi amesema basi yeye atakaa karibu, kusikiliza kama anasoma kilichoandikwa.