Tupeane uzoefu: tabia gani ya kila siku imeibeba biashara yako? (Wa Arusha na Moshi karibuni)

Muuza vipuri, Sakina

Wakuu, habari za jioni. Nimechoka na wale wa "amka saa kumi na moja, oga maji ya baridi, utajiri utakuja wenyewe." Arusha hii mwezi wa saba ukaoge maji ya baridi alfajiri? Utaishia kupanga foleni dirisha la dawa. Nataka tusikie kwa wenye fremu, vibanda na magenge: kitu gani unakifanya kila siku, iwe siku ya mauzo au ya ukame, mpaka mkono umekizoea? Kisiwe cha semina, kiwe chako.

Naanza mimi. Nauza vipuri vya pikipiki. Kila jioni nahesabu droo geti likiwa nusu. Nusu kwa makusudi, kwa sababu likiwa wazi wateja wanaendelea kuingia, na likishafungwa kabisa akili inakuwa imeshafika nyumbani. Ukurasa wa siku una mistari minne: taslimu, lipa namba, waliokopa, matumizi. Na kuna kitu ambacho jirani yangu wa fremu ananicheka nacho: jina langu limo kwenye ukurasa wa madeni. Nikichukua elfu tano ya mboga naandika "mwenye duka, 5,000". Nikichukua plagi ya pikipiki yangu naiandika kwa bei ya kuuzia. Mwezi ukiisha deni linakatwa kwenye kile nilichojipangia kama mshahara. Mke wangu naye akija anaandikwa. Siku hizi akitaka hela anaomba kwangu nyumbani, dukani hapiti tena.

Mama lishe, Kilombero

Kaka wa Sakina umenichekesha. Mimi nina meza ya chakula pembeni ya soko la Kilombero. Asubuhi mtori na chapati, mchana wali maharage na ndizi nyama.

Kwangu mimi ni kopo. Nina kopo moja la plastiki, mchele hauingii sufuriani bila kupita humo, halikopeshwi, na binti anayenisaidia anajua likipotea ni ugomvi. Wenzangu wengi wanapima kwa macho. Macho hayaaminiki bwana, ukiamka na hasira unapakua kidogo na mteja wa watu ndiye anayelipia hasira zako. Kwa kopo langu najua sufuria ile kubwa inatoa sahani 25. Zikitoka 22 nauliza tatu ziko wapi. Sahani ya 2,000 mara tatu ni 6,000 kwa siku, kwa siku sita za kazi ni 36,000. Hiyo inapotea bila mwizi yeyote kupita.

Halafu hela ya kesho inatoka kwanza. Saa nane mchana wateja wakipungua nahesabu ya ndizi, ya mchele, ya nyama na ya mkaa, nafunga kwenye pindo la khanga. Kinachobaki ndiyo hela yangu. Mchango wa msiba unatoka huko, kikoba kinatoka huko, na mwanangu akitumwa daftari shuleni linatoka huko. Pindo haliguswi.

Na ndizi msinunue alfajiri kama hamna haraka. Jioni kina mama wa huko Meru wanapotaka kuwahi gari la kurudi nyumbani ndipo bei inasikiliza.

Genge, Mbauda

Mada nzuri ila kwenye daftari mimi napinga. Nauza nyanya, vitunguu, karoti, hoho. Niandike nini, nyanya moja moja?

Tabia yangu ni kuchambua. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza nalimwaga tenga zima mezani, hata kama jana nilichambua. Zilizoanza kulainika zinakaa mbele, fungu kubwa bei ile ile. Ngumu zinakaa nyuma. Mama lishe anataka laini apike sasa hivi, mama wa nyumbani anataka ngumu imfikishe Jumapili. Nyanya za Ngarenanyuki zikija zimenyeshewa nazikausha kwa kitambaa moja moja, iliyoloa ikikaa na wenzake kesho yake zote zimeota ukungu. Vitunguu vya Mang'ola natoa kwenye gunia siku hiyo hiyo vikapate hewa. Hasara yangu ilikuwa kwenye kuoza, na kalamu haizuii kuoza.

Muuza vipuri, Sakina

Mdogo wangu wa Mbauda, hapo kwenye kuchambua sina neno. Ila daftari usilidharau. Usiandike nyanya moja moja. Andika uliamka na shilingi ngapi, umenunua mzigo wa ngapi, jioni una ngapi. Mistari mitatu.

Nakuambia kwa nini. Sisi wadogo TRA wanatukadiria kwa mauzo ya mwaka. Yasiyozidi milioni 4 hayana kodi ya mapato. Kwa viwango nilivyokadiriwa mimi, kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Sasa chukua mauzo ya milioni 5, ambayo ni kama elfu kumi na nne kwa siku, genge linafika hapo. Wa daftari analipa 30,000, wewe usiye nalo 100,000. Elfu sabini yote kwa sababu ya kalamu ya mia tatu.

Na inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mimi ile ya Desemba naitenga kuanzia Oktoba maana Desemba mnaijua.

Wakala wa fedha, karibu na stendi, Moshi

Wakuu wa Arusha tunawasoma. Kwenye uwakala hela inapita mkononi siku nzima na faida yako ni kamisheni tu, kwa hiyo kosa la dakika moja linakula kazi ya wiki. Nina mambo matatu, nayafanya hata nikiwa naumwa.

Namba naisoma kwa sauti. Mteja anaitaja, naiandika, namrudishia tarakimu tatu tatu. Jina likitokea kwenye simu simtajii. Namuuliza, "Unamtumia nani?" Aliseme yeye. Ukimtajia wewe atajibu "ndiyo ndiyo" hata kama siye, watu wa stendi wana haraka ya basi.

Siangalii meseji ya mteja, naangalia salio langu. Awe mchungaji, awe mjomba wangu. Kwenye nchi ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" mtu akikuonyesha meseji hajakuonyesha kitu.

La tatu ndilo lenye utamu. Nasawazisha saa tano asubuhi, saa tisa mchana, na jioni. Taslimu ya kwenye droo ukijumlisha na floti ya kwenye simu lazima ifike mtaji. Wengi wanasawazisha usiku tu. Usiku ukikuta elfu kumi haionekani utaitafuta wapi, kati ya mteja wa kwanza na wa themanini? Ikipungua kati ya saa tano na saa tisa bado unakumbuka sura, wengine hata nguo. Kuna mama nilimkimbilia mpaka kwenye basi la Rombo kumrudishia yeye, maana nilikuwa nimempunja. Sasa hivi hapiti kwa wakala mwingine.

Mangi, Pasua

Mimi fupi. Nakopesha unga, sukari na mafuta ya taa. Sikopeshi vocha, sigara wala soda. Anayekosa unga ana shida, anayekosa soda hana. Na aliyekopa hakopi tena mpaka apunguze, hata elfu moja. Nasema hivyo hivyo kwa kila mtu, kwa hiyo hakuna anayenuna sana.

Kijana wa mjini

Mnatuchosha wazee. Biashara ni mtaji. Nipe milioni tano uone kama nahitaji kopo.

Bodaboda, Sanawari

Mkuu wangu hapo juu, hiyo milioni tano ndiyo wanayoitoa wale wa kausha damu. Nenda kachukue, halafu marejesho ya kila wiki yatakufundisha tabia kwa lazima.

Mimi nipo kwenye mkataba, hesabu ya tajiri kila jioni. Kabla sijanywa chai naangalia oili, mnyororo, breki na upepo. Ndipo najaza mafuta. Nikianza na chai naenda kazini na mafuta ya elfu mbili, na abiria wa Usa River akitokea inabidi nimpeleke sheli kwanza. Abiria hapendi kupelekwa sheli, anahisi unatumia hela yake.

Fundi cherehani, Majengo, Moshi

Nimesoma zote. Ngoja niwaambie mwaka wa fundi wa Moshi ulivyo: ni miezi kumi na moja, halafu Desemba. Wachaga wanarudi kuhesabiwa, kila ukoo unataka sare, na harusi zimepangwa wiki hizo hizo. Desemba hiyo unaitengeneza Machi, kwa unavyofanya kazi siku za kawaida.

Nakata asubuhi tu. Kushona ukikosea unafumua, kukata ukikosea unanunua kitambaa cha watu. Kwa hiyo kuanzia saa moja na nusu mpaka saa nne mkasi ndio unafanya kazi, simu ipo droo ya chini, redio inaruhusiwa. Mchana ni kushona. Umeme ukikatika nina vitambaa vilivyokwisha kukatwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, hakuna kukaa kibarazani kulalamika.

Kila oda ina ukurasa wake: vipimo, advansi, tarehe ya kuchukua, na kipande kidogo cha kitambaa chenyewe kimebanwa kwa pini. Kipande hicho kimenisaidia kuliko maandishi. Mteja akipiga simu anasema "ile yangu ya bluu" na bluu ziko sita. Nafungua daftari, nashika kitambaa, naijua.

Halafu kabla ya kufunga siangalii kazi za kesho, naangalia za kesho kutwa. Za kesho zimeshachelewa. Kama gauni la kesho halina zipu, utaipata wapi usiku? Lakini la kesho kutwa, kesho mchana namtuma kijana mjini anarudi na zipu, bitana na vifungo kwa nauli moja. Watu wanasema mafundi ni waongo. Wengi si waongo, wamekosa zipu.

Oda za Krismasi mwisho tarehe 10. Anayekuja tarehe 18 na kitenge chake namwelekeza kwa mwenzangu, hata akiahidi mara mbili ya bei. Nishawahi kuitwa mringaji, sawa tu.

Muuza batiki na vinyago, Arusha mjini

Sisi tunaotegemea wageni hesabu za kila siku zinadanganya. Juni mpaka Oktoba unajiona tajiri, Aprili na Mei masika inapiga, kambi nyingi zinafungwa, unakuja kufuta vumbi na kurudi. Tangu 2020 ndege ziliposimama nina sheria: kila ninachouza, moja ya tano inaenda benki kabla ya chakula cha mchana cha kesho yake, kwenye akaunti ambayo sijaiunganisha na simu. Lazima nitembee mpaka dirishani na kujaza fomu ili niitoe. Uvivu wangu ndio mlinzi.

Dada wa saluni, Njiro

Nina mtoto mdogo, hizo saa zenu za alfajiri siziwezi na wala sizihitaji. Hakuna anayesuka saa moja asubuhi siku ya kazi. Nafungua saa nne, Jumamosi saa mbili.

Tabia yangu iko kwenye zile saa zilizokufa. Jumanne na Jumatano mchana saluni iko tupu, zamani tulikuwa tunaangalia tamthilia. Sasa nafungua daftari naangalia nani alisuka rasta wiki sita zilizopita, maana zikifika hapo mizizi imeshaota na yeye mwenyewe anajiona kwenye kioo. Napiga simu, siandiki meseji. "Dada, kichwa kinaendeleaje? Jumatano nina nafasi, hutapanga foleni ya Jumamosi." Kati ya watano wawili wanakuja. Wengine wananiambia wamesuka kwingine, na hapo nauliza kwa upole nini hakikuwapendeza. Mmoja aliniambia msichana wangu anavuta sana kwenye kipaji cha uso. Nisingejua kamwe, maana mteja wa saluni hagombani, anahama.

Wakala wa fedha, karibu na stendi, Moshi

Dada wa Njiro hiyo naiiba. Swali kwa mwanzisha mada: kwenye mstari wako wa lipa namba unaandika alicholipa mteja au kilichobaki ukishahamisha? Makato yanachanganya watu wengi hapo.

Muuza vipuri, Sakina

Naandika alicholipa mteja, kwa sababu hayo ndiyo mauzo. Makato naandika kwenye matumizi, siku ninayohamisha. Nahamisha mara moja kwa wiki, Ijumaa, nisikatwe kila siku vipande vipande. Ukiandika kilichobaki, mwisho wa mwezi daftari na taarifa ya simu hazitakutana, na utamshuku kijana wako wa dukani bure.