UZI WA MALALAMIKO: Wauzaji wa askari wa plastiki, hiyo "54 mm" yenu mnapimia wapi?

Wakuu, salamu baadaye, hasira kwanza.

Fungua tangazo lolote la askari wa plastiki wakubwa, wale wa michezo ya vita ya mezani. Utakuta "54 mm, 1/32, quality" basi. Picha imepigwa kwa mbali, rula hakuna, idadi ya mapozi hakuna, aina ya plastiki hakuna. Ukiuliza unajibiwa "ni saizi ya kawaida, boss". Kawaida ya nani?

Mtu wa sentimita 173 ukimgawa kwa 32 unapata milimita 54, unyayo hadi utosi. Hiyo ndiyo 1/32 halali. Lakini wapo watengenezaji wanaopima hadi usawa wa macho. Askari wao mwenye 54 machoni, utosini anagonga karibu 58, yaani keshakuwa 1/30. Upande wa pili kuna askari wa 1/35, wa wale watu wa vifaru vya kuunganisha, ambaye hata 50 hafikishi. Wote hao wanauzwa kwenye tangazo moja, eti "wanaendana". Kutoka 50 hadi 58 ni milimita 8, na kwenye 1/32 hizo ni sentimita 25 za binadamu! Wapange mstari mmoja uone: baba kaenda vitani na wanawe. Na kuna wajanja zaidi wanaopima pamoja na kofia na kitako (kibao anachosimamia askari). Kitako kimoja kina unene wa milimita 1, kingine 3, na bado namba kwenye boksi ni ile ile.

Dai picha ya bunduki ikiwa sambamba na rula. Askari aliyepiga goti huwezi kumpima urefu, bunduki yake unaweza. Gewehr 98, bunduki ya Mjerumani, ina kama sentimita 125, kwa hiyo kwenye 1/32 iwe milimita 39. Lee-Enfield fupi, ya Mwingereza, ina sentimita 113, iwe 35 na kidogo. Unene usikusumbue, bunduki hunenepeshwa makusudi ili plastiki ijae vizuri kwenye kalibu. Urefu ukipishana kwa zaidi ya milimita 3, hiyo seti usiichanganye na nyingine.

Sasa njoo kwenye kilichoniudhi hadi nikafungua uzi: seti za "Vita Kuu ya Kwanza, Afrika Mashariki, Tanga". Ndani unakuta Wajerumani wenye kofia za chuma. Tanga walipigana tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Kofia ya chuma ya Mjerumani ilikuja 1916, na ile ya Mwingereza iliyo kama sahani ilikuja 1915. Hao ni wanajeshi wa mahandaki ya Ufaransa, mmewabadilishia jina tu.

Na Mwingereza wenu wa Tanga ni nani? Jeshi lililotua pale chini ya Jenerali Aitken lilikuwa la Wahindi kwa sehemu kubwa: 13th Rajputs, 63rd Palamcottah, 101st Grenadiers, Kashmir Rifles na wengineo. Batalioni ya Wazungu ilikuwa moja tu, Loyal North Lancashire. Kwa hiyo mteja anahitaji vilemba vingi na helmeti za jua chache, ninyi mnampa kinyume chake. KAR (King's African Rifles, Waafrika wa jeshi la Mwingereza) hawakuwemo kwenye kutua kule, lakini matangazo yamejaa "KAR Tanga".

Upande wa von Lettow, kamanda wa Wajerumani, ndio mgumu zaidi. Askari wake alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na kipande kikishuka kisogoni. Asiyepata seti yake atafute seti ya Wamisri au Wasudani wa zama za Jenerali Gordon (vita vya Sudan, miaka ya 1880) walio na tarbushi, halafu amtengenezee kitambaa mwenyewe: kata tishu mstatili wa milimita 12 kwa 10, ilowanishe kwa gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa maji, ibandike chini ya ukingo wa nyuma wa tarbushi na uikunje mikunjo miwili kwa ncha ya kijiti cha meno. Iache usiku kucha. Ikikauka inashika rangi kuliko plastiki yenyewe. Silaha zisikuumize kichwa: kampuni nyingi bado zilikuwa na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi na moshi mwingi, na kwa ukubwa huu bunduki yoyote ndefu isiyo na magazini (kikasha cha risasi) iliyochomoza inapita. Asiyepita ni mwenye mdomo butu na magazini chini, maana hiyo ni Lee-Enfield. Labda kama unacheza 1915 kuendelea, hapo sawa, kwa sababu pale Tanga waliteka mamia ya bunduki na bombomu (bunduki za rashasha) 16.

Mapozi. Kampuni moja ya von Lettow ilikuwa na askari kama 160 hadi 200, Wajerumani wachache na bombomu mbili au zaidi. Ukicheza mmoja kwa kumi, yaani wa plastiki mmoja awakilishe kumi wa kweli, unahitaji 16 hadi 20 wanaofanana: wanaotembea, wanaolenga wima, wanaolenga kwa goti. Chukua boksi la watu 16 lenye mapozi 8. Wawili wanakufa huku wamerusha mikono, wawili wanatambaa, wawili ni maofisa wenye darubini, na mmoja au wawili wameshika kitu ambacho hata aliyechonga hakijui. Wanaobaki kwa kazi ni 8 au 9. Tuseme boksi ni dola 20 na usafiri dola 14. Bei ya kweli siyo 34 gawanya kwa 16. Ni 34 gawanya kwa 9, karibu dola 3.80 kwa kichwa, kabla ya ushuru. Ndiyo maana hamuonyeshi mapozi.

Aina ya plastiki nayo ni siri ya serikali, wakati kila kitu kinategemea hiyo. Kata kipande cha fremu inayowashikilia askari, kitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Kikielea ni polithini, ile laini. Kikizama na ukikikunja kinavunjika tak, ni polistirini ngumu. Kikizama lakini kinapinda kama mpira, ni PVC. Polistirini inashika gundi ya modeli na rangi yoyote. Polithini haishiki gundi ya modeli kabisa, na supaglu inashika kwa muda tu kisha inabanduka. Ukiunganisha mkono, toboa tundu la milimita 1 pande zote mbili, chomeka waya, ndipo utie supaglu. PVC ukiipulizia rangi ya kopo inaweza kunata miezi, kwa sababu mafuta ya kulainisha plastiki yanatoka na kuyeyusha rangi. Tumia akriliki ya maji kwa brashi.

Rangi kubanduka kwenye polithini huanza sehemu zinazopinda: singe, mtutu, kifundo cha mguu. Osha kwanza kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani ili mafuta ya kalibu yatoke, kausha, weka praima ya plastiki, kisha akriliki nyepesi mara mbili, mwisho vanishi inayopinda. Bunduki iliyopinda: maji yaliyotoka kuchemka, nusu dakika, nyoosha ipite kidogo upande wa pili, shikilia, tumbukiza kwenye maji ya barafu. Usipoishikilia inarudi ilivyokuwa.

Muuzaji anayetaka pesa zetu aweke: urefu wa unyayo hadi utosi bila kofia wala kitako, picha ya kila pozi na idadi yake, picha ya bunduki na rula, aina ya plastiki. Dakika kumi za kazi.

——
Duka_Mtandaoni: Mkuu punguza jazba. Sisi tunauza kama tulivyopokea, boksi limeandikwa 54.

Kitako3mm: @Duka_Mtandaoni ndugu yangu, boksi likiandikwa kilo moja na ndani mna robo tatu, dukani kwako utamjibu mteja hivyo hivyo? Rula ya shule inatosha. Nyongeza kwa mleta uzi: tofauti ya vitako inafichika ukibandika kila askari kwenye washa (kiduara cha chuma cha kuwekea bolti) ya milimita 40 na kujaza mchanga hadi juu. Tofauti ya vichwa haifichiki.

Mwana_Bombomu: Meza je? Ya futi 6 kwa 4 inatosha?

Kitako3mm: Kwa sheria za mchezo zilizoandikwa kwa askari wa 28 mm, ukizidisha umbali mara mbili, haitoshi, watakuwa wanapigana ukutani. Acha umbali kama ulivyo, punguza watu hadi 20 au 25 kila upande, na tafuta futi 8 kwa 5. Bombomu moja kwa kila kampuni, si mbili, la sivyo Wahindi hawavuki hata reli.