Ukikesha nacho ndiyo kitabu kizuri? Naomba ushauri wa kuchagua riwaya

Mwanzi: Wakuu, kikundi chetu cha kusoma kinachagua riwaya 4 za mwaka. Nusu wana kigezo kimoja tu: ukikesha nacho, ni kizuri. Wengine wanabisha. Nyie mnapimaje kabla ya kununua?

MzeeWaRafu: Soma kurasa za mwisho za sura 3 mfululizo. Zote zikiishia simu imelia, bastola imetolewa, mtu kapiga hodi usiku, ujue unavutwa kwa taharuki peke yake. Kisha fungua katikati, ziba majina kwa kidole, soma mazungumzo. Hujui nani anasema? Wahusika bapa hao, wote wana ulimi mmoja, wa mwandishi.

Shungi: Mimi napima kwa kujua mwisho. Kuli ya Adam Shafi inaelekea kwenye mgomo wa Unguja wa 1948. Anayeijua historia anajua mgomo utakuwepo, na bado anasoma, maana kinachomshika ni Rashidi, mhusika mkuu, anavyofumbuka macho kidogo kidogo pale bandarini. Riwaya pendwa (zile za burudani) nyingi za mauaji, ukishatajiwa muuaji, hamu imekwisha.

Nahodha: Nyingi, si zote. Mzimu wa Watu wa Kale ni riwaya ya upelelezi, lakini watu wanaurudia kwa utamu wa Kiswahili chake. Taharuki haina kosa. Kosa ni hila: msimulizi yumo kichwani mwa mhusika sura 10 nzima, ya 11 tunaambiwa kumbe ndiye aliyeua. Siku zote hizo hakuwahi kuliwaza? Hapo msomaji kaibiwa.

Mwanzi: Shukrani. Na zile ngumu, ambazo watu wanaziacha ukurasa wa 20?

MzeeWaRafu: Ugumu nao si ubora, mkuu. Chukua aya moja iliyokushinda, uiseme kwa maneno yako. Ikiisha yote kwa sentensi fupi, yale mengine yalikuwa mapambo. Ukiona kila ukiisema kuna kitu kinabaki nje, inunue.

Shungi: Ila msianze na hiyo. Mwezi wa kwanza wekeni pendwa iliyosukwa vizuri, kurasa 40 kwa wiki, watu wazoee kuhudhuria. Ngumu iwe ya 3, na mgawane sura: kila mmoja aje na aya yake iliyomshinda.

Mwanzi: Hiyo ya kuziba majina naanza nayo Jumamosi dukani.