Salfaiti inailindaje dawa ya kusafishia filamu isiharibiwe na hewa?

Mpimaji: Wakuu, naomba ufafanuzi. Naambiwa sodiamu salfaiti hutiwa kwenye dawa ili imalize oksijeni kabla haijaifikia haidrokwinoni, ile kemikali inayoitoa picha kwenye filamu. Lakini salfaiti ikiyeyushwa peke yake, hewa huiharibu upesi. Sasa inalindaje chupa nzima kwa miezi?

Fundi wa Giza: Umeuliza penyewe. Hiyo habari ya kumaliza oksijeni ni kipande tu. Haidrokwinoni ikiwa kwenye maji yenye alkali hunyang'anywa elektroni na oksijeni, ikawa kwinoni. Huyo ndiye adui hasa, kwa sababu kwinoni huchochea haidrokwinoni iliyobaki nayo ioksidike, na uharibifu unazidi kushika kasi. Salfaiti huidaka kwinoni mara tu inapotokea na kuigeuza haidrokwinoni monosalfoneti, ambayo haina rangi wala haichochei tena. Ndiyo maana dawa isiyo na salfaiti hugeuka kahawia haraka, na yenye nayo hubaki angavu.

Ulinzi wenyewe ni wa pande mbili. Salfaiti huoksidishwa kwa mmenyuko wa mnyororo unaobebwa na radikali huru (chembe zenye elektroni isiyo na mwenza), na haidrokwinoni huukata mnyororo huo. Kila moja ikiwa peke yake haikawii kuharibika; zikiwa pamoja, zote mbili hudumu. Katika kemia yote ya chumba cha giza sijaona jambo zuri kuliko hili.

Kidato: Mbona D-76, ile dawa maarufu ya kusafishia filamu, ina gramu 100 za salfaiti kwa lita, na haidrokwinoni gramu 5 tu? Zote hizo za kuhifadhi?

Fundi wa Giza: Hapana, kuhifadhi kungehitaji kidogo sana. Kwa wingi huo salfaiti huyeyusha kiasi fulani cha haloidi ya fedha, yaani chumvi ya fedha inayohisi mwanga kwenye filamu, na punje za picha hulainika. Ila ukichanganya mwenyewe, usianze na salfaiti yote, maana metoli, kemikali nyingine ya D-76 inayotoa picha, haiyeyuki vizuri kwenye salfaiti nyingi. Tanguliza chembe chache tu za salfaiti, kisha metoli, halafu salfaiti iliyobaki.

Mpimaji: Na dawa za pairogaloli, kemikali nyingine ya kutoa picha, mbona huwekwa salfaiti kidogo?

Fundi wa Giza: Kule mazao ya uoksidishaji yanatakiwa: hukaza jelatini (utando wa filamu unaobeba picha) na kuacha doa lenye rangi palipo na picha. Salfaiti ikizidi, doa halitokei. Kwa hiyo dawa ya namna hiyo ichanganye unapotaka kuitumia. Ile ya haidrokwinoni ijaze chupa hadi shingoni. Ikianza kuwa kahawia, salfaiti inakwisha, usiiamini kwa filamu ya maana.