Matriksi (jedwali la namba) kwenye lugha ya programu ya C inanipa namba za ajabu, msaada wakuu

mwana_mikindani: Wakuu nipo Mtwara hapa najifunza C. Nimeweka int a[3][4], mistari ni maghala 3 ya korosho, safu ni wiki 4, sasa nikijumlisha gunia za ghala la kwanza naletewa mamilioni, korosho gani hizo jamani. Lupu ya kurudia kujumlisha kila wiki (j ni namba ya safu) nimeandika j<=4.

fundi_lindi: Hiyo <= ndo mchawi wako. C inahesabu kuanzia 0, safu zako ni 0 mpaka 3, ukigusa a[0][4] ushatoka nje na C haikuzuii, mara nyingi inakuchotea tu a[1][0] ya ghala la pili. Weka j<4.

korosho_ghafi: Mamilioni lakini? Jumla uliianzisha na 0 kweli? Usipoianzisha inabeba takataka za memori.

mwana_mikindani: Duh, sikuianzisha. Ngoja umeme urudi.